Mguu Hauumi, Lakini Kisigino Hakipandi: Kisa cha Mkimbiaji Aliyeshonwa Kano

Ilikuwa imepita miezi saba tangu ashonwe kano ya kisigino cha kushoto. Nilipiga magoti sakafuni na rula na penseli, yeye akasimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta, ncha za vidole zikiugusa kidogo tu asipepesuke. "Panda mpaka mwisho," nikamwambia. Kisigino cha kulia kilipanda sentimita 12 bila kutikisika. Tukabadilisha mguu. Wa kushoto ulianza vizuri, ukapanda, kisha ukafika mahali ukakwama. Goti likaanza kujikunja ili kuusaidia, kiwiliwili kikaegemea ukuta. Nikachora alama pale kisigino kilipoishia. Sentimita 8.

Siku hiyo hakuwa na maumivu yoyote kwenye kano. Kovu lilikuwa limetulia, uvimbe umekwisha, pumzi zake safi. Alikuwa anakimbia mara tatu kwa wiki. Kilichomleta kwangu ni goti. Ilinichukua rula ya mtoto wa shule kuelewa kwamba goti lile lilikuwa linalipa deni la sentimita nne.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake na bila jina lake. Nimekuwa kocha wake kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya kosa nitakalolieleza ni langu.

Jinsi ilivyokatika

Ni mwanamke wa miaka 38, amemaliza marathoni tatu, na kabla ya kuumia alikuwa anakimbia kama kilomita 60 kwa wiki. Kisigino hakikuwa kigeni kwa maumivu. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiamka asubuhi na hatua zake kumi za kwanza zinakuwa ngumu, halafu mguu ukipata moto mambo yanakaa sawa. Mwenyewe aliita "kutu ya asubuhi." Sote wawili tuliizoea kutu hiyo, na hapo ndipo tulipoanza kupotea, maana kano inayokakamaa kila asubuhi kwa miezi kadhaa tayari ni kano inayougua.

Ilikatika kwenye mazoezi ya kupandisha kilima, raundi ya sita. Alisikia mlio kama ubao unaovunjika, akahisi pigo nyuma ya mguu, akageuka kutazama ni nani aliyempiga teke. Nyuma hapakuwa na mtu. Waliokatika kano hii, ambayo wengi huiita ya Akilesi, husimulia hivyohivyo mara nyingi sana: mlio, teke la mtu asiyekuwepo, kisha mguu unaogoma kusukuma.

Aliweza kutembea kwa kuchechemea, na hilo huwapumbaza watu. Ipo misuli mingine inayoweza kuelekeza vidole chini kidogo, hivyo mtu anaweza kurudi nyumbani akiamini ameteguka tu. Daktari alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, akalibana shavu la mguu kwa mkono. Upande wa kulia unyayo ulisogea. Upande wa kushoto ulikaa kimya. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Thompson, hakihitaji mashine yoyote, na ningependa kila kocha akifahamu. Kano ilikuwa imeachia sentimita chache juu ya mfupa wa kisigino, pale pale inapoachia kwa wengi, kwenye eneo la kati ya sentimita mbili na sita ambako damu haifiki kwa wingi.

Kuna swali nililomuuliza nikiwa nimechelewa sana: umetumia dawa gani karibuni? Wiki tatu kabla ya siku ile alikuwa amemaliza dozi ya siprofloksasini. Antibiotiki za kundi hilo zinajulikana kuongeza hatari ya kano kukatika, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza mwaka 2008 onyo lake kali kabisa liwekwe kwenye maelezo rasmi ya dawa hizo. Siwezi kusema dawa ndiyo iliyoikata. Ilikuwa kano iliyochoka, ikapewa kilima. Ila ningejua, kilima kisingekuwepo wiki ile. Sasa namuuliza kila mwanariadha wangu habari za dawa kabla ya mazoezi makali, na siyaoni maswali hayo kuwa udaku.

Kushona au kuacha

Aliniuliza nami sikuwa na jibu zaidi ya kumrudisha kwa daktari wake. Walichozungumza kinafanana na yale yaliyopatikana kwenye utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2022, ambapo watu 554 waligawanywa kwa kura makundi matatu, na matokeo ya 526 yakachambuliwa: wasiopasuliwa, waliopasuliwa kwa njia ya kawaida, na walioshonwa kupitia tundu dogo. Baada ya mwaka mmoja, alama za jinsi mguu unavyofanya kazi hazikutofautiana kwa maana. Tofauti ilikuwa kwenye kukatika tena: asilimia 6.2 kwa wasiopasuliwa, asilimia 0.6 kwa kila kundi la walioshonwa. Lakini waliopasuliwa ndio walioumia neva zaidi. Yeye alichagua kushonwa, na akashonwa siku ya tano.

Maoni yangu ni kwamba watu hulala macho kwa ajili ya uamuzi huu, halafu mwaka mzima unaofuata, ambao ndio unaoamua watakimbiaje, wanauacha ujiendeshe wenyewe.

Buti, na kosa la ngazi

Wiki nane za buti nitazipita haraka. Ndani ya buti huwekwa vipande vya kuinua kisigino ili vidole vielekee chini na ncha mbili za kano zikae karibu, kisha kipande kimoja kimoja kinapunguzwa. Alianza kukanyaga akiwa na magongo wiki ya tatu. Jambo moja tu halitaki haraka: mguu uliofungwa muda mrefu baada ya kano hii kukatika unaweza kuganda damu. Shavu la mguu likivimba na kuuma kwa namna mpya, au kifua kikabana na pumzi zikakatika ghafla, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Buti lilipotoka, kifundo kilikuwa kigumu kama mlango usiofunguliwa mwaka mzima. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sikulijua kwa miezi mitano. Alikuwa amewahi kusikia zoezi la kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha visigino chini ya usawa wa kidato. Ni zoezi la kweli na lina heshima yake: Alfredson na wenzake waliandika mwaka 1998 juu ya wanamichezo wa kawaida 15 waliolifanya seti tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, wiki 12, wakarudi kukimbia. Lakini wale walikuwa na kano nzima inayouma. Ya kwake ilikuwa imekatika na kuunganishwa, na ilikuwa haijafikisha hata miezi mitatu. Kila asubuhi na jioni alining'iniza kisigino pale kwenye ngazi, akihesabu, akifurahi kuona ugumu unalegea.

Ulilegea kweli. Tatizo ni kwamba ugumu ule ulikuwa na kazi. Kano iliyoshonwa hupona kwa kutengeneza tishu changa zinazoungana katikati ya ncha mbili, na tishu hizo zikivutwa mapema hurefuka na kubaki ndefu. Kano ikirefuka, msuli wa shavu la mguu unalazimika kujifupisha sana kabla haujaanza kuvuta chochote. Na msuli uliokwisha kujifupisha hauna nguvu za kutosha kumalizia. Fikiria mtu anayevuta ndoo kisimani kwa kamba iliyolegea: mikono yote miwili imefika begani, na ndoo bado haijatoka majini. Ndiyo maana kisigino chake kilianza kupanda bila shida na kikakwama juu. Udhaifu wa kano ndefu unakaa mwisho wa safari, mahali ambapo mtu asiyepima haupati.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa amemwonya asijinyooshe. Yeye alielewa kuwa ni kujinyoosha kwa nguvu. Ngazi kwake ilikuwa zoezi, si kujinyoosha. Nami sikumuuliza hata siku moja, "Nyumbani unafanya nini? Nionyeshe."

Pumzi zilitangulia

Alitunza pumzi kwa bidii ninayoiheshimu. Alianza na baiskeli ya kusimama akiwa bado na buti, kisha kidonda kilipopona kabisa na buti kutoka akaingia kukimbia kwenye maji ya kina akiwa amevaa mkanda wa kuelea. Alijua anachokiokoa. Upo utafiti wa mwaka 1984 wa Coyle na wenzake waliowafuatilia wanariadha waliofundishwa vizuri kisha wakaacha mazoezi siku 84: uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, ukafika asilimia 16 kwenye siku ya 56, kisha ukatulia hapo. Kwa hiyo hata anayekaa bure hapotezi kila kitu, na anayefanya kazi majini hupoteza kidogo kuliko huyo. Kiasi cha damu mwilini na nguvu ya moyo kuisukuma hurudi ndani ya wiki chache.

Kano haina mwendo huo. Inaendelea kujipanga upya kwa mwaka na zaidi. Hata baada ya zoezi moja tu, siku ya kwanza kinachovunjika ndani yake kinazidi kinachojengwa, ingawa ujenzi wenyewe unabaki juu kwa siku mbili tatu. Ndiyo sababu katika kipindi hiki sikutaka akimbie siku mbili mfululizo, hata zikiwa mbio nyepesi za dakika kumi.

Miezi minne na nusu baada ya operesheni nilimruhusu kuanza: dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, mara nane. Masharti yangu yalikuwa matatu. Atembee kilomita tano kwa kasi bila kuchechemea, asiwe na uvimbe asubuhi, na aweze kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara 20. Alitimiza yote. Nilisimama mbele yake nikahesabu kwa sauti hadi 20 na nikampongeza.

Nilihesabu marudio, sikupima kimo. Nikikumbuka siku ile naiona vizuri: zile tano za kwanza zilikuwa fupi, na za mwisho zilikuwa mguso tu, kisigino kinaachana na sakafu na kurudi. Nilitaka kuona 20, nikaona 20.

Mwezi wa sita baada ya operesheni alikuwa anakimbia kilomita nane huku akizungumza. Hapo ndipo mtu anapokuwa hatarini zaidi, na nalisema hili baada ya kuona wengi. Mapafu yanamwambia amepona. Moyo unamwambia amepona. Kano, ambayo kwa kawaida ingepiga kelele, imekaa kimya, kwa sababu kano iliyoungana vizuri inaweza kuwa dhaifu bila kuuma hata kidogo. Maumivu ni kipimo kizuri kwa kano inayougua. Silbernagel na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kuendelea kukimbia ikiwa maumivu hayazidi tano kwa kumi na yanakwisha kufikia asubuhi inayofuata. Kwa kano iliyoshonwa, kutokuwa na maumivu hakunipi habari ninayoihitaji.

Jumapili ya kilomita 13

Nilimwambia abaki kwenye kilomita nane kwa mwezi mzima. Akanijibu kwa heshima, lakini alikuwa amejiandaa: "Kocha, Joan Benoit alikimbia siku 17 baada ya operesheni."

Ni kweli. Benoit alifanyiwa operesheni ya goti tarehe 25 Aprili 1984, akashinda mbio za kuchuja timu ya Marekani tarehe 12 Mei, na tarehe 5 Agosti akatwaa dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, huko Los Angeles, kwa saa 2:24:52. Ni moja ya visa vikubwa kuliko vyote katika mchezo huu na sitaki kukipunguza. Lakini pale kwenye goti, kupitia tundu dogo, kiliondolewa kitu kilichokuwa kinakwaruza. Hakuna kilichopaswa kuungana. Mtu akiondolewa mwiba anasimama na kwenda. Aliyevunjika mguu anasubiri mfupa ushikane. Neno "operesheni" linayaweka mambo haya mawili kwenye kapu moja na kuwaponza wakimbiaji.

Kama alitaka mfano wa kisigino, ningempa Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji wa Ethiopia. Baada ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alifanyiwa operesheni ya kano ya kisigino, na ile haikuwa hata imekatika kama ya mwanamke huyu. Mashindano ya dunia ya Agosti 2001, Edmonton, alimaliza wa tatu katika mita 10,000, mbio alizokuwa ameshinda mara nne mfululizo. Rekodi zake za dunia za marathoni alizivunja Berlin mwaka 2007 na 2008. Mguu uliorudi polepole ulikuwa bado na kazi kubwa mbele yake.

Jumapili ya mwezi wa saba alitoka na wenzake kwa kilomita nane. Wenzake walikuwa wanakwenda 13, mazungumzo yalinoga, naye akaendelea. Nimeshapiga hesabu ya siku ile mara nyingi. Kwa mwendo wake wa dakika sita kwa kilomita na hatua kama 170 kwa dakika, kila mguu unatua mara 510 kwa kilomita. Kilomita tano za nyongeza ni kutua mara 2,550 zaidi kwa mguu ambao haujui kumalizia msukumo, kwa siku moja. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, na kilichohusiana na kuumia ni hicho hicho: mbio moja inayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Yeye alizidisha kwa zaidi ya asilimia 60.

Jumanne aliposhuka ngazi, goti la kushoto lilichoma mbele, chini ya pia ya goti.

Sauti ya viatu

Nilimwomba akimbie mbele yangu mita mia, nami nikafumba macho. Kulia kiatu kilisema "tap." Kushoto kikasema "paa," bapa, kizito. Tap, paa, tap, paa. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia kwa miezi miwili nikaiita tahadhari. Nikafikiri anauhurumia mguu na kwamba huruma ingekwisha yenyewe. Video ya simu ikapunguzwa kasi ilionyesha kilichobaki: kulia, kisigino kinapanda mapema na vidole ndivyo vinavyoaga ardhi, kushoto, unyayo wote unaondoka karibu kwa pamoja.

Kwenye kukimbia, shavu la mguu ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Msuli wake wa ndani, ule uliojificha chini ya ule mnene unaoonekana, hukadiriwa kubeba mara sita hadi nane ya uzito wa mwili katika kila hatua. Mkimbiaji asiyekuwa na msukumo huo hasimami. Mwili unautafuta mahali pengine, na pa karibu ni paja na goti. Goti lake halikuwa na ugonjwa wake. Lilikuwa kibarua wa kifundo.

Ndipo nikaenda kutafuta rula.

Tulivyoanza upya

Alilia kidogo siku ile, na sikumzuia. Alidhani amebakiza mwezi mmoja, kumbe tulikuwa tunarudi darasani. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza: "Itarudi kuwa fupi?" Nilimwambia ukweli nilioupata kwa mtaalamu wake wa tiba: kano iliyokwisha kurefuka haitegemewi kufupika kwa mazoezi. Msuli ndio unaoweza kufundishwa kufanya kazi mahali pale pa juu ambapo sasa hauna nguvu. Tusingefukuza sentimita 12. Tungefukuza kila nusu sentimita iliyopo.

Ngazi ilikuwa ya kwanza kuondoka. Mazoezi yote ya kisigino yalifanyika kwenye sakafu tambarare, hakuna kushuka chini ya usawa. Kukimbia hakukukatazwa, kulishuka hadi kilomita nne, siku moja ndiyo siku moja hapana, mahali pasipo na mwinuko. Mashine ya kukimbilia, ambayo wengi huidhania kuwa laini kwa aliyeumia, tuliiweka kando, kwa kuwa vipimo vimeonyesha kano ya kisigino inaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi juu yake kuliko barabarani. Vilima navyo viliwekwa kando. Viatu alibaki na vile vyenye kisigino kilichoinuka, ingawa alikuwa ametamani vya bapa.

Zoezi lililobeba kila kitu ni hili, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona linasisitizwa ipasavyo. Anapanda kwa visigino viwili hadi mwisho kabisa. Akiwa juu, anahamishia uzito mguu wa kushoto polepole, kama anayehamisha mtoto aliyelala kutoka bega moja hadi jingine. Anaondoa wa kulia. Kisigino cha kushoto kitataka kuzama, yeye anakizuia. Wiki ya kwanza kilizama ndani ya sekunde tatu. Haidhuru, anapanda tena kwa miwili na kurudia. Lengo ni sekunde kumi, kisha 20, kisha 30, bila goti kujikunja na bila kuegemea ukuta. Kushuka ni kwa hesabu ya nne. Mara tatu kwa wiki, si kila siku.

La pili ni kuinua kisigino akiwa ameketi, uzito ukiwa juu ya goti, kwa ajili ya ule msuli wa ndani. Alianza na kilo 10, akamaliza wiki ya 12 na kilo 40. Mengine yalikuwa ya paja na nyonga, ya kawaida. Wiki ya sita, goti lilipokuwa limetulia, tukaongeza kuruka kamba: sekunde 20 kwa miguu miwili, mara tano, huku nikisikiliza sauti.

Kila Ijumaa ya wiki ya nne, rula na penseli. Wiki ya nne kilipanda sentimita 8 na nusu. Akakata tamaa, nikamwonyesha video ya zamani na mpya sambamba. "Paa" ilikuwa imeanza kuwa fupi. Wiki ya nane ikawa 9. Wiki ya 12 ikawa 10. Tarehe tulikuwa tunaziandika pembeni ya kila alama, moja juu ya nyingine, kama wazazi wanavyopima urefu wa mtoto.

Umbali ulipanda kwa sharti moja ambalo sasa nalitumia kwa wote: hakuna mbio moja itakayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Wenzake wakinogewa, yeye anageuka. Mara mbili alinitumia ujumbe akiwa njiani kurudi peke yake, "Nimegeuka, kocha." Najua kilichomgharimu kugeuka. Kasi ilikuja mwisho. Vipande vya mita 80 kwenye tambarare vilianza mwezi wa 11. Kilima cha kwanza, kifupi, alikigusa mwezi wa 13, na alitembea hadi juu kabla ya kukikimbia, kwa hiari yake mwenyewe.

Mwezi wa 16

Alikimbia nusu marathoni. Muda wake ulikuwa dakika tisa nyuma ya ule wa kabla ya kuumia. Nilisimama kwenye kilomita ya 18, mahali ambapo miguu iliyochoka haiwezi kuficha kitu, nikafumba macho alipokaribia. Sauti mbili zilikuwa karibu sana, ingawa si moja. Kulia "tap," kushoto "tapa."

Wiki iliyofuata tulipima. Marudio 26 kwa mguu wa kushoto, 30 kwa wa kulia, na safari hii kila rudio lililoishia chini ya alama sikulihesabu. Kimo kilikuwa sentimita 10 na nusu. Akachukua penseli mwenyewe, akachora mstari, akaandika tarehe, kisha akaniuliza kama Jumatatu anaweza kuongeza kilo kwenye zoezi la kuketi.

Nikamwambia anaweza. Kilo mbili.